Nyangumi Aimbaye, Nyangumi Alalaye

Mjomba wangu amevua Mikindani tangu kabla sijazaliwa, na hajawahi kukanyaga ukumbi wa muziki wenye viti vya velveti. Namtanguliza yeye kwa sababu ndiye niliyekuwa nikimuwaza muda wote wa lile tamasha. Bila yeye ningepitiwa na usingizi kama bwana aliyekaa kushoto kwangu.

Ilikuwa Paris, mwezi wa Novemba, mvua ile isiyonyesha wala isiyokoma. Rafiki yangu ni fundi wa piano. Jioni hiyo alihitaji mtu wa kumbebea mkoba wa zana na kumshikia tochi, na ujira ulikuwa tiketi ya bure. Nikakubali kabla ya kuuliza kinachopigwa. Tuko ndani ya metro ndipo anaponiambia: muziki wa kisasa, watunzi wa Marekani na wa Ufaransa. Nikatazama mlango. Muziki huo nilikuwa nimeonjeshwa mara moja, watu wamevaa nyeusi wanakwaruza ala zao kama waliopoteza kitu ndani yake, na nilitoka na kichwa kinaniuma. Lakini mkoba ulikuwa begani mwangu, na ulikuwa mzito.

Kazi yenyewe ya fundi siku hiyo ilikuwa ya kuharibu. Palikuwa na piano mbili jukwaani. Moja aliiacha nzima, kwa ajili ya kipindi cha kwanza. Ya pili, ambayo ilikuwa imetulia vizuri kabisa, aliifungua akazilegeza noti nne, kila moja ikashuka robo toni. Ingekuwa nusu toni ungeangukia kitufe cha jirani. Robo toni ni mahali ambapo piano haina kitufe. Na si suala la kuzungusha ufunguo mara moja ukaenda zako, maana noti za katikati kila moja ina nyuzi tatu, zote lazima zishuke sawasawa, na waya uliozoea kukazwa ukilegezwa hautulii, ukigeuka umeshahama. Ndiyo maana wakati wa mapumziko, watu walipokuwa wakinywa mvinyo, sisi tulikuwa tumeinama tena juu ya ile piano, mimi na tochi yangu.

Alipomaliza mara ya kwanza akazipiga zote nne kwa pamoja, akakunja uso kama aliyeng'ata ndimu. Mimi nikacheka. Sikio langu limelelewa na redio ya mama, taarab ya Unguja, fidla na ganuni za Culture Musical Club, na humo robo toni haihesabiwi kasoro. Ndiko utamu unakojificha. Nikamwambia, sasa ndiyo imeanza kupata ladha. Hakunielewa.

Kijikaratasi tulichopewa mlangoni kilisema jioni hiyo ni "daraja" kati ya nchi mbili. Neno hilo limechakaa, na nadhani hata halifai. Watu hawa wamekuwa wakivukiana bahari kwa zaidi ya miaka mia moja, kama majahazi ya msimu: yanaenda na upepo huu, yanarudi na ule, na kila yakirudi yamebeba mzigo usiokuwemo yalipoondoka. Edgard Varèse, mtunzi Mfaransa, alihamia New York mwaka 1915 akaanza kuandika muziki wa ving'ora na ngoma ambao Paris isingempa nafasi ya kuuota. Upande wa pili, Wamarekani vijana walimiminika kwa Nadia Boulanger, yule mama mwalimu wa Paris na Fontainebleau: Aaron Copland miaka ya 1920, Philip Glass miaka ya 1960. Darius Milhaud, mtunzi Mfaransa na Myahudi, aliwakimbia Wanazi mwaka 1940 akaishia kufundisha chuo cha Mills huko California, na miongoni mwa waliokaa mbele yake akawamo Steve Reich, mtunzi wa Marekani. Mfaransa mwingine, Pierre Boulez, aliiongoza orkestra ya New York Philharmonic kuanzia 1971 hadi 1977. Orodha ni ndefu, na mimi si mwalimu wa historia.

Kazi ya Reich ndiyo iliyofungua jioni. Walitoka watu wawili, mwanamke wa fidla na kijana wa klarineti, mikono mitupu. Wakasimama, wakaanza kupiga makofi. Kipande kinaitwa Clapping Music, cha mwaka 1972, na hakina kingine ndani yake ila hicho: mzunguko wa mapigo 12, manane ya kofi na manne ya kimya. Makofi matatu, pumzi, mawili, pumzi, moja, pumzi, mawili, pumzi. Mmoja anaushikilia mzunguko huo tangu mwanzo mpaka mwisho bila kutetereka. Mwenzake akishaurudia mara 12 anasogea pigo moja mbele, kisha jingine, mpaka azunguke wakutane tena pale walipoanzia. Katikati ya safari unasikia vitu ambavyo hakuna hata mmoja wao anayevipiga.

Aliyekulia kwenye harusi za pwani hahitaji kuelezwa. Kina mama hawa wanashika, wale wanapachika, na bibi mmoja pembeni anapachika ndani ya yaliyopachikwa. Reich mwenyewe alikwenda Ghana mwaka 1970 kujifunza ngoma za Waewe, malaria ikamrudisha kwao baada ya wiki chache, na daima amesema kwamba kule alithibitishiwa jambo ambalo tayari alikuwa analisaka. Sawa, tumkubalie. Walipomaliza wale wawili, nasi tukawapigia makofi, na kwa sekunde kadhaa sikuweza kusema kazi yao imeishia wapi na yetu imeanzia wapi.

Halafu taa zikageuka buluu. Ile ya bahari ya kina, unapopita mwamba na chini hakuonekani tena. Wakaingia watatu, filimbi, selo na piano, ala zote zimeunganishwa na vipaza sauti, na wote watatu wamevaa barakoa nyeusi zilizofunika nusu ya uso.

Wengine ukumbini walicheka kidogo, kicheko cha aibu. Mimi nilikaa wima. Natoka Mtwara, sisi hatuwezi kuona barakoa tukacheka. Kwa Wamakonde, mcheza mapiko akishavaa lile kichwa la mti si fulani mwana wa fulani tena, hata kama mguu unaufahamu na kovu lake. Ukiwa mtoto unafundishwa kutomtambua. Baadaye nilisoma kwamba George Crumb, mtunzi wa kipande hiki, alizitaka barakoa kwa sababu inayokaribiana na hiyo: mtu afutike, zibaki nguvu za maumbile zisizo na jina. Crumb alizaliwa Charleston, West Virginia, mwaka 1929, mbali kabisa na bahari, akafariki mwaka 2022. Sijui nani alimfundisha habari za mapiko, na bila shaka hakufundishwa na yeyote.

Kipande chenyewe ni Vox Balaenae, Sauti ya Nyangumi, cha mwaka 1971. Mwaka huo ndio watafiti Roger Payne na Scott McVay walipochapisha katika jarida la Science kwamba milio ya nyangumi wenye nundu ni nyimbo hasa: zina vifungu, vifungu vina mpangilio, wimbo ukiisha unaanza upya, na mwimbaji anaweza kuendelea kwa saa nyingi. Mwaka mmoja kabla, kanda zao zilikuwa zimetoka kwenye sahani ya santuri, na watu waliokuwa hawajawahi kuona bahari wakawa wanaweka nyangumi sebuleni. Crumb alikuwa ameisikia milio hiyo kwenye utepe miaka miwili hivi kabla ya kutunga.

Mpiga filimbi akaanza peke yake, akiimba ndani ya filimbi huku anaipuliza, hivyo kwamba sauti ya koo na sauti ya chuma zilisuguana. Nywele za shingo zikanisimama. Kwenye selo kidole kilikuwa kikiteleza juu ya waya bila kuukandamiza, na wakatokea shakwe, kundi zima, wanalia juu ya chombo kinachorudi na samaki. Mpiga piano akasimama, akainama ndani ya piano na patasi. Ndiyo, patasi, ile ya fundi wa majahazi, akaitelezesha kwenye nyuzi. Rafiki yangu aliyazuia macho yake yasione. Baadaye kijiti cha kioo kikalazwa juu ya nyuzi, na kila noti ikatoka na vumbi la almasi.

Crumb ameigawa bahari yake kwa enzi za ardhi, kutoka zile ambazo hapakuwa na samaki wala mwani hadi hii yetu, kila enzi na mabadiliko yake ya wimbo. Ilipofika ile ya samaki wa kale nilimkumbuka silikanti, ambaye wavuvi wetu wa kusini walianza kumtoa nyavuni mwaka 2003 wasijue wamemvua babu wa nani. Kuna mahali pia Crumb anawatania wapenzi wa Richard Strauss, mtunzi wa Ujerumani, anachopoa ule mwanzo maarufu wa Zarathustra na kuupindisha. Watu wakaguna kwa furaha ya kuutambua. Mimi sikuipenda, ilikuwa kama mtu anayesimulia msiba akakukonyeza.

Lakini mwisho wake ulinimaliza. Wimbo wa usiku wa bahari, polepole, mtu anapiga mluzi, vitoazi vidogo vinalia kama nyota. Kifungu kimoja kifupi kinarudiwa, kinarudiwa tena chini zaidi, chini zaidi, na mara ya mwisho vidole vinakwenda na hakuna sauti. Wanaigiza tu. Unaona muziki na huusikii. Ukumbi mzima ulikuwa umeinama mbele, na nakwambia niliusikia.

Umri wangu ulikuwa miaka tisa hivi. Kusi ilikuwa imepungua nguvu, mwezi wa Agosti au Septemba, na mjomba alinichukua usiku kwenye mashua yake kuelekea Msimbati. Nyangumi wenye nundu hupanda kutoka kwenye barafu za kusini ya dunia kuja kuzalia kwenye maji yetu ya vuguvugu, kila mwaka, kuanzia Julai. Hilo sikulijua. Mjomba alishusha tanga, akaacha kupiga soga, akasema, "Mjomba, laza sikio hapa." Kwetu mjomba na mpwa wote huitana mjomba. Nikalala kifudifudi juu ya mbao za chini, penye maji ya harufu ya samaki na kalfati. Kwanza nilisikia bahari. Halafu mlango mkubwa wa zamani ukifunguliwa mbali sana. Halafu mtu akilia, si kwa uchungu, kama anayelia kwa lugha. Nikainua kichwa, hewani hakuna kitu. Nikakilaza, yumo. Nilikuwa sijawahi kumsimulia mtu wa Ulaya habari hiyo kwa sababu kila nikiianza kwa Kifaransa inageuka tangazo la watalii.

Kwa hiyo mapumziko yalipofika na fundi akaniita na tochi, nilikuwa na machozi, nikasingizia vumbi.

Kipindi cha pili kilikuwa cha Gérard Grisey peke yake. Huyu ni Mfaransa wa Belfort, alizaliwa mwaka 1946, akafa ghafla mwaka 1998 akiwa na miaka 52. Naye pia alivuka: alifundisha Berkeley, California, kuanzia 1982 hadi 1986. Na kama unataka kujua mtu anayesimama nyuma yake na nyuma ya Crumb kwa wakati mmoja, ni mtunzi Mfaransa Olivier Messiaen. Grisey alikuwa mwanafunzi wake Paris. Crumb, juu ya vifungu vyake vya mwanzo na mwisho, aliandika kwamba ni vya mwanzo wa wakati na vya mwisho wa wakati, na asikiaye maneno hayo atakumbuka Quatuor pour la fin du temps, Kwarteti ya Mwisho wa Wakati, kazi ambayo Messiaen aliiandika akiwa mfungwa wa vita, ikapigwa kwa mara ya kwanza kambini Görlitz tarehe 15 Januari 1941.

Jina la Grisey limeshikamana na wazo moja: kuifungua sauti yenyewe. Katika Partiels, ya mwaka 1975, alichukua noti moja ya chini ya tromboni, akaichunguza kwa mashine kama mtu anayefumua mkeka ukili kwa ukili, kisha akampa kila mpigaji ukili wake. Wapigaji 18 wanapiga noti moja. Inaishaje? Wanaanza kufungasha vitu vyao, wanafunua kurasa, na wa matoazi anafungua mikono kwa upana wote tayari kuyagonganisha, na taa zinazimwa. Hagongi. Nilipokuja kuiona hiyo kwenye video, wiki moja baada ya tamasha, nilipiga kelele peke yangu chumbani: Mmarekani na Mfaransa, miaka minne tu kati yao, na wote wawili wamemaliza kwa kumwonyesha mtu sauti na kumnyima.

Usiku ule hata hivyo walipiga Vortex Temporum, ya 1994 hadi 1996, kwa watu sita: filimbi, klarineti, fidla, viola, selo na ile piano yetu iliyolegezwa. Mbegu yake ni mzunguko mdogo wa noti alioutoa kwa mtunzi Mfaransa Ravel, katika muziki wa baleti Daphnis et Chloé, ule mkorogo wa filimbi na klarineti. Sehemu ya kwanza unazunguka kwa kasi, kama kikombe kinachozungushwa, kisha unachongoka, kisha unameguka, mpaka mpiga piano anabaki peke yake akizichapa zile noti zilizopinda kwa hasira ambayo sikuitegemea. Fundi alikuwa ameshika goti langu. Alikuwa anasikiliza nyuzi zake kama zitaendelea kukaa.

Halafu kimya, na watu wakakohoa. Nyie mnajua kikohozi cha ukumbini, kile kinachosubiri zamu. Ila jukwaani nako palikuwa na mchakacho, pumzi tupu, upinde unaopita kwenye mbao. Grisey aliandika vipande hivyo vidogo vya kati makusudi kwa ajili ya kikohozi chetu. Aliona pale ambapo sisi tunajisahau, akapatia rangi.

Sasa sehemu ya pili. Mzunguko ule ule wa Ravel, ila umevutwa na kuvutwa mpaka umejaa kipande kizima. Piano inashuka hatua kwa hatua, haina haraka, wengine wamelala juu yake kama ukungu. Bwana wa kushoto alianza kukoroma hapo, na simlaumu. Grisey alieleza kwamba katika kazi hii alifikiria nyakati tatu: wakati wa binadamu, ambao ni wa kusema na kupumua, wakati wa ndege na wadudu, uliobanwa mpaka hauoni tena kingo zake, na wakati wa nyangumi, ambao ni wa usingizi.

Wa usingizi. Crumb alimsikia nyangumi akiimba, akamwigiza kwa barakoa na taa za buluu. Grisey hakumwigiza hata kwa noti moja. Hakuna shakwe, hakuna mlio. Alichukua tu muda wake, akatuweka ndani, na sisi viumbe vya kusema na kupumua tukaanza kuhangaika vitini au kukoroma. Kusema kweli namuona Crumb ni mtamu zaidi, na nikitaka kumshawishi mgeni nitampeleka kwake. Lakini kitu kilichonifanya nisahau kwamba nina basi la usiku la kukimbilia kilikuwa hicho cha pili. Mjomba aliwahi kunisimulia alivyoona gogo jeusi asubuhi moja, akadhani ni mtumbwi uliopinduka, akasogea kutafuta mtu wa kuokoa, na gogo likapumua.

Siku ya pili nikampigia.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba mjomba. Bado mnaganda huko?"

Nikamuuliza kama nyangumi wapo. Akasema kusi imekatika, wameshajiendea, msimu huu walikuwa wengi na mmoja alipita na mwanawe karibu sana. Nikamweleza habari za ukumbi. Alitaka kujua yule Mmarekani aliwasikia wapi. Nikasema kwenye kanda. Akanyamaza kidogo, kwa adabu. Nikamtumia vipande viwili kwa WhatsApp, mwanzo wa Crumb na sehemu ya pili ya Grisey, nikamwomba asikilize kwa spika za masikioni za binti yake.

Jibu lilikuja baada ya Isha, sauti ya dakika mbili, na upepo mwingi. Kuhusu Crumb alisema, huyu anamjua, ila ana haraka. Nyangumi hamalizi neno lake upesi hivyo. Kuhusu Grisey alisema hicho si nyangumi hata kidogo. "Hiyo ni mashua, mjomba. Mkuku unasemezana na taruma, usiku, maji yamelala. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Nilipolaza sikio utotoni, kilichonifikia kwanza kilikuwa mbao.

Nikampigia tena. Nikamweleza na ule mwisho wa Crumb, vidole vinavyokwenda bila sauti, na watu mia na zaidi wameshika pumzi.

"Na hapo pa kimya napo walilipwa?"

"Walilipwa, mjomba."

"Kiasi gani?"

"Sikuuliza."

"Uliza. Mimi kukaa kimya baharini nimekaa miaka arobaini."